Safari ya Wajumbe Wetu katika Nchi ya Zabibu, na Habari za Mvinyo wa Dodoma



Halmashauri iliponiagiza niandike sura ya historia katika ukumbusho huu wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengi walitazamia ya kwamba ningesimulia habari za kitunguu saumu, au za ngano, au za mizani yetu ya kwanza. Hayo yameandikwa na wenzangu katika kurasa nyingine, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nimechagua jambo ambalo halionekani katika hesabu zetu ila upande wa matumizi, nalo ni ile safari ya siku nne ya wajumbe wetu kwenda Dodoma kutazama mashamba ya mizabibu na viwanda vya mvinyo, na kuonja. Neno hilo la mwisho limetuletea dhihaka nyingi. Hata leo nikipita sokoni Bashay kuna watu huniita Bwana Mwonjaji. Basi na waisome habari yenyewe.

Asili ya safari ni mkutano mkuu uliofanyika msimu ambao bei ya kitunguu saumu ilianguka hata wengine wakaacha kuking'oa. Wachuuzi walikuja na magunia ya lumbesa, wakajaza na kushindilia, kisha wakalipa kwa gunia kana kwamba hakuna kilo duniani. Mwanachama mmoja akasimama akasema kwamba amemtembelea ndugu yake karibu na Dodoma, akaona watu wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka katika nchi kame kuliko yetu. Kwa nini nasi tusitumie fedha ya akiba tukapande mizabibu katika maeneo yetu ya chini yenye joto? Maneno yale yalipigiwa makofi. Nakiri kwamba nami nilipiga makofi, tena nilifanya zaidi ya hayo. Usiku ule nilichukua karatasi, nikaandika kilo ambazo ekari moja hutoa, nikazizidisha kwa bei ya kilo moja, kisha nikazidisha kwa mbili kwa kuwa mavuno ni mawili. Jumla iliyotoka ilinifanya nisilale. Karatasi ile ingali katika jalada la ofisi, na yeyote mwenye kupenda kuiona aje aione.

Bwana Shamba ndiye aliyeshauri tusipande kitu kabla ya kwenda kuona. Tukachaguliwa tisa: akina mama watatu, katekista mmoja, mzee mmoja wa Bashay aliyekwisha kuzunguka sana na ng'ombe ujanani, vijana watatu, na mimi mwandishi wenu.

Tulipitia Dongobesh, tukateremka kwa njia ya Dareda hata Babati, na kutoka pale tukashika barabara ya Kondoa. Barabara hiyo zamani ilikuwa adhabu. Lami yake ilikamilika na kuzinduliwa mwaka 1998 wa mawazo ya wengi wetu, yaani tulipoahidiwa, lakini kwa kweli ni mwaka 2018. Ni mwendo wa kama kilomita 250 toka Babati hata Dodoma. Tulipita Kolo, penye michoro ya kale katika miamba ambayo dunia nzima imeitambua tangu mwaka 2006, wala hatukusimama kwa sababu dereva alitaka kufika mapema. Kadiri tulivyokwenda kusini ndivyo hewa ilivyokuwa nzito na ardhi ikawa nyekundu, yenye mchanga. Mzee wetu akatazama mibuyu akasema, "Hapa mtu hupanda nini ila subira?" Hakujua kwamba neno hilo la subira tutalisikia tena.

Kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya majina, maana tulibishana garini. Kanisani twasema divai, na dukani twasema mvinyo. Divai ni neno la Wafaransa lililobadilishwa kidogo, na mvinyo ni la Wareno, ambao pwani yetu iliwajua kwa shari kuliko kwa heri. Zabibu tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo ni tunda lililokaushwa. Kwa hiyo tunda moja limeingia katika lugha yetu kwa milango mitatu. Kwa Wairaqw, kinywaji cha heshima tangu zamani ni pombe, na ya asali ikiwa ndiyo bora. Zabibu haimo kabisa katika mila zetu, wala haikuwamo katika mila za Wagogo.

Ilifikaje basi Ugogo? Ililetwa na Kanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki yataka divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyochanganywa na kitu cha kuiharibu. Padre aliyekaa mbali na bandari alingoja shehena kutoka Ulaya, na meli ikichelewa, au vita ikizuka, alibaki na kikombe kitupu. Wamisionari wa Kiitalia wa Shirika la Mateso walipewa nchi ya Dodoma katika miaka ya 1930. Hao walitoka katika nchi ambayo kila mkulima hupogoa mizabibu yake, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 walikuwa wamekwisha kupanda mizabibu katika misheni ya Bihawana. Ikashika. Jambo hili lilistaajabisha, maana Ugogo ilijulikana kwa njaa zaidi ya kitu kingine chochote. Wazee wa kule bado wanaitaja Mtunya, ile njaa kuu ya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata. Mvua yao ni ya miezi michache tu, tangu Desemba hata Aprili, wala haizidi sana milimita 500 au 600. Lakini ukame ule ule uuao mahindi ndio uuokoao mzabibu, kwa sababu adui mkubwa wa mzabibu ni unyevu.

Makutupora, kiasi cha kilomita 20 na ushei kabla ya kufika mjini, ndipo tulipopata somo letu la kwanza. Pana kituo cha utafiti wa zabibu chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Bwana Shamba wa pale alitueleza jambo ambalo sikuwa nimelijua nilipokuwa nikizidisha kwa mbili. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, huangusha majani, kisha huamka. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mzabibu haulali mpaka mkulima aulaze mwenyewe: hunyima maji, hupogoa matawi, na tangu siku ile ya kupogoa huhesabu kama miezi minne hata mavuno. Kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili, mara moja kama mwezi wa Machi na mara ya pili kama Agosti au Septemba. Lakini mavuno hayo mawili si ndugu wa baba mmoja. Yale ya kiangazi ni mazuri, yana sukari ya kutosha. Yale ya Machi huangukia mvuani, na mvuani huja ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na ubwiri huja na gharama ya dawa. Nikatoa kalamu nikaanza kupunguza katika hesabu yangu.

Tena mzabibu hautoi siku unayoupanda. Hungojewa kama mwaka mmoja na nusu au miwili, na wakati huo wote unataka nguzo, unataka waya, unataka maji na palizi. Ukitunzwa, baada ya hapo utadumu miaka mingi sana, hata mtoto atavuna alichopanda baba. Akina mama wetu walilipenda neno hilo.

Sasa nieleze jinsi tunda la misheni lilivyokuwa zao la nchi. Baada ya Uhuru, na hasa ilipokatwa shauri mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, Serikali ilihimiza zabibu. Wanavijiji walipanda, mashirika ya umma yakapanda, na hatimaye pakawa na kiwanda cha umma, Dowico, ambacho jina lake bado latajwa na wazee wa Dodoma kama sisi tunavyotaja mashamba ya ngano ya Basotu. Mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja. Wakumbukeni pia kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, visirudishwe hata sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo zabibu ilikuwa ikienea, mkulima hakuwa na chama chenye nguvu cha kumsemea, wala hakuwa na hisa katika pipa lolote. Kiwanda kilipoanguka katika miaka ya 1990, pamoja na mashirika mengine mengi ya umma, alianguka nacho. Wengi waling'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama na uwele. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kung'oa kwa jembe mti ambao ungeweza kuishi kuliko wewe.

Kuinuka tena kulianza mwaka 2002, Waitalia walipoanzisha kiwanda cha Cetawico huko Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji. Baadaye vikafuata viwanda vingine, vikubwa na vidogo, kama Alko Vintages, na kampuni ya vileo ya Dar es Salaam nayo ikawa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya mvinyo uitwao Dodoma. Serikali ikasaidia kwa kuweka ushuru wa mvinyo wa zabibu za nyumbani chini sana kuliko ule utokao nje. Huko Chinangali, wilaya ya Chamwino, wakulima wakaunganishwa katika shamba kubwa la pamoja lenye umwagiliaji wa matone, chini ya chama chao cha ushirika.

Hombolo ndiko tulikoonja. Nieleze kwa haki, kwa kuwa ndipo jina langu lilipopatikana. Tuliingia kwanza mahali pa kupokelea, penye mizani. Zabibu hupimwa uzito, kisha hupimwa sukari kwa chombo kidogo cha kuchungulia, na mzigo wenye sukari haba hurudishwa au hushushwa thamani. Kisha mashine hutenga vikonyo na kuponda tunda. Kimiminika kinachotoka kule Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu, na mzee wetu akauliza kama kuna ugali wake. Kwa mvinyo mwekundu, mchuzi huachwa pamoja na maganda, maana rangi imo katika ganda. Kwa mweupe, hukamuliwa kwanza na maganda hutupwa. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo, ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu, marefu kuliko ghala letu. Chupa moja ya kawaida hutaka zabibu kilo moja na zaidi kidogo.

Binti aliyetuongoza, fundi wa maabara, alitupa bilauri, akatufundisha kuitazama rangi juu ya karatasi nyeupe, kuizungusha, kunusa, kushika kidogo kinywani, na kutema katika ndoo. Tulionja mweupe wa zabibu iitwayo Chenin Blanc, ukali wake kama ukwaju mchanga, kisha mwekundu wa Makutupora, uliokausha ulimi. Vijana walisema ni mchungu. Katekista alisema amekuwa akiishika divai kwa miaka 20 bila kujua yatoka wapi, na machozi yalimlengalenga, sikumcheka. Wajumbe wawili wasiokunywa kileo kwa ajili ya dini zao walipewa mchuzi mbichi, nao kwa maoni yangu ndio waliofaidi. Mzee alikataa katakata kutema. Alisema kwamba mgeni akitema kinywaji amemtukana mwenyeji, na ya kwamba yeye hakutoka Bashay kuja kumtukana mtu. Akameza vyote vinne.

Ndiyo yote tuliyoyanywa. Waliosema tulilewa hawakuwapo.

Lakini jambo lililoigeuza safari halikuwa ndani ya kiwanda. Lilikuwa nje, kivulini, ambapo tulikaa na wakulima wa jirani. Mmoja wao, Mgogo wa makamo mwenye ekari mbili, alitueleza jinsi katika miaka ya karibuni, kwenye mwaka 2020 na 2021, zabibu nyingi za Dodoma ziliiva zikakosa pa kwenda. Viwanda vilisema matangi yamejaa mchuzi wa msimu uliopita. Bei ikashuka, na wengine waliuza kwa kubembeleza, wengine hawakuuza kabisa. Nikamwuliza kwa nini hawakungoja. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa shule. "Ndugu Katibu," akasema, "ng'ombe akikosa bei mnadani utamrudisha nyumbani. Zabibu utairudisha wapi? Zabibu haina subira." Mzee wetu akanigusa kwa kiwiko.

Usiku ule nilitazama hesabu yangu upya. Nilikuwa nimehesabu kilo, na bei, na misimu. Sikuwa nimehesabu siku. Zabibu ya mvinyo ikikatwa hutaka kufika kiwandani siku ile ile au kesho yake. Mwenye tangi anaweza kungoja miezi. Mwenye tunda hawezi kungoja wiki. Katika mapatano ya namna hiyo bei imekwisha kujulikana kabla watu hawajaamkiana. Wakulima wenyewe wa Dodoma walikuwa wameling'amua hilo, na ndiyo sababu kilio chao kikubwa hakikuwa mbegu wala mbolea, bali mahali pa kuhifadhia mchuzi. Mchuzi ukiwa ndani ya tangi la mkulima, mkulima naye hupata subira.

Niliporudi nilitafuta habari za nchi nyingine, nikakuta kwamba ugonjwa huu ni wa kale. Watu wametengeneza mvinyo kwa miaka kama 8,000, tangu kule Georgia chini ya milima ya Kaukazi, ambako mitungi ya kale imechimbuliwa yenye masalio yake. Lakini mkulima mdogo ameanza kuwa na pipa lake juzi tu. Katika Ujerumani, bonde la mto Ahr, wakulima 18 wa kijiji cha Mayschoss waliungana mwaka 1868 watengeneze na kuuza mvinyo wao wenyewe, wasipite kwa wachuuzi. Katika Ufaransa kusini, kijiji cha Maraussan, wakulima walifanya chama mwaka 1901, wakajiita Wakulima Huru wa Mizabibu, wakauza moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi huko Paris, na mwaka 1905 wakawa na ghala lao la pamoja la mvinyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, bei ilipovunjika kabisa katika jimbo lile, watu kwa mamia ya maelfu waliandamana katika mji wa Montpellier, na huko Narbonne askari walipiga risasi na watu wakafa. Baada ya ghasia zile maghala ya ushirika yalienea kijiji kwa kijiji. Naona ajabu kwamba Wachagga nao, walipoanza chama chao cha kahawa mwaka 1925 na kukigeuza kuwa KNCU mwaka 1933, walikuwa wakipigania kitu kile kile. Ila kahawa ikikauka hungoja.

Na kitunguu saumu je? Hilo ndilo swali ambalo mama mmoja katika wajumbe aliuliza tukiwa njiani, tumekwisha kupita Kondoa, wengine wamelala. Alisema, "Sisi tunacho kitu kinachongoja miezi kikikaushwa vizuri na kutundikwa penye hewa, nasi tunakiuza siku kinapong'olewa, kingali na udongo, kwa lumbesa. Twaenda kutafuta tunda lisilongoja la nini?" Hakuna aliyemjibu hata Babati.

Katika mkutano mkuu uliofuata nilisimama nikasoma taarifa, na nikaiondoa karatasi yangu ya kwanza mbele ya wote. Haikuwa siku nyepesi. Waliokuwa upande wa zabibu waliniona msaliti, maana mimi ndiye niliyewatia tamaa. Mmoja alisema kwamba tumepewa mvinyo tukanyamazishwa. Mwingine alitoa hoja iliyo nzito zaidi, wala sikuweza kuijibu vizuri: kwamba Wagogo nao walianza bila kiwanda, na kama kila mtu angengoja tangi, Bihawana isingepandwa mzabibu hata mmoja. Mkono kwa mkono, hoja ya zabibu ilishindwa, si kwa wingi mkubwa. Fedha ya akiba ikajenga vichanja vya kukaushia na ghala lenye madirisha ya waya, na mizani ikawekwa mlangoni, na lumbesa ikapigwa marufuku ndani ya uzio wetu.

Nisiseme kwamba mambo yalinyooka. Mwaka wa kwanza tulingoja na bei ikapanda; waliongoja walifurahi, na waliokuwa wameuza mapema walikuja ofisini kulalamika kana kwamba mimi ndiye niliyewauzia. Mwaka wa pili tulingoja na bei haikupanda, na sehemu ya mzigo ikachipua ghalani. Hasara hiyo imo katika hesabu, ukurasa wake unajulikana. Wanachama waliokuwa na karo za shule hawakuweza kungoja hata mwezi, na kwa ajili yao Halmashauri sasa yatafuta njia ya kuwapa malipo ya kwanza mzigo unapopokewa, kama ule utaratibu wa stakabadhi ghalani uliowekwa na sheria ya mwaka 2005. Ghala bila malipo ya kwanza ni subira ya tajiri tu. Jambo hilo halijakwisha, na naomba lizungumzwe katika mkutano ujao bila kunitaja mimi wala Hombolo.

Imebaki habari moja. Kule Makutupora tulipewa vipandikizi vinne vya mzabibu kwa ukumbusho, navyo tulivipanda nyuma ya ghala hapa Bashay. Viwili vilikufa kwa baridi ya Juni na Julai. Cha tatu kilishikwa na ubwiri katika mvua za kwanza, majani yakawa kama yamenyunyiziwa unga. Cha nne kimepanda juu ya uzio na mwaka huu kilizaa vichala vitatu. Mlinzi alivihesabu kila asubuhi, na nikaandaa mizani ndogo ili tuandike uzito wake katika kitabu hiki. Siku tuliyokwenda kuvipima tulikuta vikonyo vitupu, na nyayo za watoto zikielekea shuleni. Mlinzi ameomba fedha za waya mpya, na ombi lake liko mezani pangu.